Uso wa Mzee Osea

Mara kumi na moja. Ndivyo alivyoandika mhariri, na kwa kuwa ni mhariri hakuishia kusema tu. Aliweka na namba za kurasa.

Yunisi aliusoma ujumbe huo Jumatatu asubuhi, amekaa kwenye kigoda ndani ya kibanda chake cha vitenge pale sokoni Tunduma, huku mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka akichomoa kitenge cha bluu chini kabisa ya rundo, kama kawaida ya wateja, wasiopenda kamwe cha juu.

"Dada Yunisi, habari za kazi. Mswada nimeumaliza jana na nimeupenda, hilo nalisema kwanza ili usinizimie simu. Sasa sikiliza. Kila Mzee Osea anapoingia mahali, Marita anatoka. Ukurasa wa 9 anatokea mlango wa uani. Ukurasa wa 31 anakumbuka nguo kwenye kamba. Ukurasa wa 58 anaruka dirisha, na ana mimba ya miezi saba! Nimehesabu mara kumi na moja. Kitabu kizima namngoja huyu mjane akae na baba mkwe wake wamalizane juu ya lile shamba la kahawa, na wewe mwishoni unawapatanisha kwa barua. Barua, dada! Wanaishi kiwanja kimoja! La pili: huyu mzee ana mgongo, ana kofia, ana viatu, ana kikohozi. Uso hana. Niandikie sura moja. Chumba kimoja, watu wawili, mlango umefungwa. Niipate kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, maana saa kumi na moja tunafunga orodha ya vitabu vya mwaka huu, na bila sura hiyo sitaweza kukutetea. Wako, Fides."

Yunisi alicheka. Halafu akatoa mswada wake mkobani, ule aliouchapisha steshenari na kutembea nao kila mahali kama kitambulisho, akafungua ukurasa wa 9, wa 31, wa 58. Alipofika mara ya sita kicheko kikamkauka. Alipofika ya kumi na moja akabaki mdomo wazi.

"Bamayo, unaumwa?" aliuliza yule mteja, akimwita mama kwa lugha ya kwao, kitenge mkononi.

"Siumwi, mama yangu. Nimeonyeshwa kitu tu."

Na alikuwa ameonyeshwa kweli, maana hakukusudia. Mwandishi anaweza kufanya jambo mara moja kwa makusudi, mara mbili kwa mapambo, lakini mara kumi na moja bila kujua, hapo ujue si yeye anayeandika, ni alikotoka.

Kwao Ikinga, huko juu milimani Ileje, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai pamoja. Hawasalimiani uso kwa uso, hawali meza moja, hawatajani majina. Familia nyingi zimeshaliacha jambo hilo, zinachekeana na wakwe zao kanisani bila shida. Ukoo wa Hezron, mume wa Yunisi, haukuacha. Yunisi alikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa na hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, hata siku ya harusi, maana siku hiyo aliinamisha macho mpaka akawa hajui hata mchungaji alivaa nini. Jina la mzee huyo hakulitamka kamwe, na mimi ninayesimulia sitalitamka pia, sitaki kesi na Yunisi. Tutamwita alivyomwita yeye, Babu Pendo, kwa jina la mtoto wao wa pekee aliyekuwa bweni huko Vwawa.

Basi Yunisi aliandika dunia kama aijuavyo. Mzee akiingia, mwanamke anatoka, kama vile mvua ikija unaanua nguo. Nani anasimama kueleza kwa nini nguo zimeanuliwa? Dada yake Agnes aliusoma mswada wote huko Ikinga, akalia, na hakuona kitu. Wenzake wawili wa sokoni waliusoma, hawakuona kitu. Hezron aliusoma mara mbili.

"Sasa huyo mhariri alitaka Marita afanyeje?" Hezron aliuliza jioni ile, akivua viatu. Alikuwa karani wa wakala wa forodha kule Kastamu, na siku nzima kazi yake ni kutafuta kosa kwenye makaratasi ya malori. Ndiyo maana iliuma zaidi kwamba hili lilimpita. "Mzee anaingia, yeye kakaa tu?"

"Ndiyo."

"Anamtazama?"

"Ndiyo, na wanaongea."

Hezron alifikiri, soksi moja mkononi. "Huyo Fides kwao wapi?"

"Sijui. Kwao ni kwa watu wanaokaa na wakwe zao."

"Mwambie tu ndiyo mila yetu, aache ilivyo."

Yunisi alikuwa ameshamwambia. Fides alijibu kwamba mila ni nzuri sana na iwepo kitabuni, tena ielezwe, lakini msomaji aliyesubiri kurasa mia mbili na kumi ana haki zake. Na hapo Yunisi alikubali kimoyomoyo, kwa sababu yeye mwenyewe ni msomaji, na kitabu kinachomsubirisha halafu kikamkimbia huwa anakitupa kitandani kwa hasira.

"Halafu mke wangu," Hezron alisema taratibu, akiwa tayari na uso wa kuomba radhi, "kuna kitu. Mzee anakuja kesho. Macho yanamsumbua, ana miadi ya kupimwa miwani. Atakaa mpaka Jumapili."

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na jiko uani lililotenganishwa na sebule kwa mlango mmoja tu na hatua tatu. Kumficha mtu mzima ndani ya nyumba kama hiyo kwa siku tano ni kazi inayotaka ratiba. Kwa bahati nzuri Babu Pendo alikuwa na kikohozi chake, si cha ugonjwa bali cha ruhusa. Alikohoa mara tatu kabla ya kuinuka popote, akahesabu kidogo, ndipo akatembea. Yunisi alisikia, akapotea. Chakula alikiweka mezani mzee akiwa barazani, akakohoa yeye mara moja, mzee akaingia. Jumanne mchana alishuka kwenye gari pale Mpemba, Hezron akampokea na kumleta na gunia la maparachichi na mkungu wa ndizi, na kufikia jioni wote walikuwa wameshazoea zamu zao.

Na katikati ya kujificha huko, Yunisi alipaswa kuandika sura ambayo hakuna anayejificha.

Kitabu hicho alikitaka. Tuseme wazi, asije mtu akadhani ni mchezo wa mama muuza vitenge. Alikiandika kwa miaka sita kwenye kaunta buku nne, sokoni, kati ya mteja na mteja, akifuta na kurudia, na Fides alikuwa mtu wa kwanza asiye ndugu wala jirani kukisoma na kusema kina uhai. Fides alifanya kazi kwenye shirika dogo la uchapishaji Mbeya, lililotoa vitabu vinne tu kwa mwaka. Mwaka ujao vingekuwa vinne vingine, na hakuna aliyemwahidi Yunisi kwamba kimoja kingekuwa chake.

Jumanne alasiri aliiandika sura hiyo mara ya kwanza. Marita na Mzee Osea wameketi chumbani, mlango umefungwa, mzee anafungua kinywa, umeme unakatika. Wakaongea gizani kurasa tano. Akapiga picha kurasa hizo, akazituma.

Jibu lilikuja kabla hajafunga kibanda. "Umezima taa. Washa."

Jumatano asubuhi aliandika ya pili. Taa inawaka. Mzee Osea amesinzia kwenye kiti, na Marita anamweleza yote yaliyo moyoni mwake tangu siku mumewe alipofariki. Yunisi aliandika hiyo huku machozi yanamtoka, wateja wawili wakaogopa kuuliza bei.

"Maneno mazuri mno," alijibu Fides. "Mwamshe."

Jumatano jioni akaandika ya tatu: mzee yuko macho, taa inawaka, Marita anachambua maharage akiwa amempa mgongo. Safari hii Fides alituma ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka. "Afadhali, dada, tunasogea. Sasa geuza kiti. Unajua nini? Mwandishi mbaya angekwama siku ya kwanza nikamjua. Wewe unakwepa kwa ufundi, kila ukikwepa unanipa kitu kizuri. Lakini unachokikwepa ndicho kitabu chenyewe. Una mpaka Ijumaa."

Alhamisi asubuhi aligeuza kiti. Marita akamtazama Mzee Osea, na Yunisi naye akamtazama, na hapakuwa na kitu pale. Mwanamume mzima amevaa kofia, na chini ya kofia patupu. Mdomo wake ukisema neno zito unafanya nini? Macho yanaangalia wapi? Yunisi alimjua mzee wa namna hiyo kwa kisogo, kwa vumbi la viatu, kwa mlio wa kiti akiinuka. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Alikaa na kalamu saa mbili nzima akaandika sentensi moja, akaifuta.

*

Mchana ule alirudi nyumbani kupika. Hezron alikuwa amempeleka mzee kuchukua miwani asubuhi na kumrudisha, kisha akaenda zake kazini. Yunisi aliingilia uani, akawasha moto, akabandika maharage, ndipo akasikia kutoka sebuleni sauti aliyoijua kuliko zote duniani. Karatasi ilikuwa inageuzwa.

Alikumbuka hapo hapo. Mswada aliuacha juu ya kabati la vyombo.

Babu Pendo alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita. Kwa miaka miwili ya mwisho macho yalimnyima kusoma, na sasa amepata miwani, amewekwa kwenye nyumba tupu mchana kutwa. Ungetegemea asome nini, kalenda? Karatasi ikageuzwa tena. Halafu tena. Alikuwa anasoma kwa kasi ya mtu mwenye njaa.

Yunisi alishika mdomo. Si kwamba kitabu kilikuwa na ubaya. Ni viatu. Kwa kuwa alimjua mzee mmoja tu, alimvalisha Mzee Osea viatu vya Babu Pendo, vile vyeusi vilivyokatwa nyuma ili visigino vipumue, na kwenye wilaya yote ya Ileje hakuna mwingine mwenye viatu hivyo. Na Mzee Osea, tukumbuke, ndiye aliyempokonya mjane shamba. Maharage yaliungua. Alibandika mengine, na hayo nayo yakashika chini kidogo.

Karatasi zilinyamaza saa kumi na moja jioni. Hezron aliporudi, Yunisi alimvutia jikoni kwa kola ya shati.

"Kasemaje?"

"Kasema maharage yana moshi lakini mazuri."

"Basi?"

"Na ameomba penseli."

*

Ijumaa Yunisi hakufungua kibanda. Hezron aliondoka saa moja na nusu asubuhi, na nyumbani wakabaki watu wawili na paka. Paka huyo aliitwa Bosi kwa sababu hakuwahi kufanya kazi yoyote. Alikuwa amelala kwenye kizingiti kati ya sebule na jiko, nusu huku, nusu kule.

Yunisi alikuwa jikoni, amekaa nyuma ya mlango asionekane, kaunta buku magotini. Ukurasa mweupe. Ilikuwa saa tatu.

"Bosi," ilisema sauti sebuleni. "Umekisoma hiki kitabu?"

Bosi alitikisa sikio moja.

"Mimi nimekisoma chote. Kimenichekesha, na mahali pawili kimeniliza, na mimi si mtu wa kulia hovyo. Sasa ukimwona aliyekiandika, mwambie hivi. Hiyo barua ya mwisho, hapana. Mzee wa kwetu haandiki barua ya kuomba msamaha. Hajawahi hata kuomba kwa mdomo, ataanzaje kwa wino?"

Yunisi alihisi masikio yanamuwaka. Hakuna mila iliyokataza mtu kuongea na paka wake mwenyewe. Alikohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, muulize huyo, kama si barua, mzee angesemaje?"

"Bosi, mwambie asingesema. Angeanza na mahindi."

"Bosi, muulize mahindi gani?"

"Yoyote!" Sauti ilishapata joto la darasani. "Angeuliza, panya hawajaingia ghalani? Akijibiwa, angeuliza mvua. Akijibiwa, angesema lile shamba la juu lina magugu. Hapo mwenye akili ajue mzee ameshafika. Halafu angenyamaza."

Kalamu ilikuwa inakimbia. Yunisi aliandika mahindi, akaandika panya, akaandika magugu, na kwa mara ya kwanza wiki nzima Mzee Osea akawa anaongea na sauti yake ikasikika. Watu hawa hawaendi kwenye jambo moja kwa moja, wanalizunguka! Mbona alilijua hilo maisha yake yote na hakuliandika?

"Bosi," alisema, na sasa alisahau hata kushusha sauti, "muulize, akinyamaza, mikono inafanya nini?"

"Hilo ni swali zuri sana, Bosi. Anajikuna goti. Hapana. Subiri. Hapana, hajikuni. Anavua kofia, anaitazama kwa ndani, kama vile alishaandika humo atakachosema."

Yunisi alicheka kwa sauti, na sebuleni mtu mwingine akacheka, kicheko chembamba cha puani ambacho hakuwahi kukisikia.

Wakaendelea hivyo karibu saa nzima, na Bosi hakuwahi kuheshimiwa kama siku ile. Kisha jirani akaanza kukaanga samaki. Bosi akainuka, akajinyoosha, akapanda ukuta, akaenda.

"Paka ameondoka," ilisema sauti.

Yunisi alifunga kaunta buku. Sasa angemjibu kupitia nani? Akasikia kikohozi, mara tatu, na miguu yake ikafanya iliyozoea: akainuka, kaunta buku kifuani, akashika mlango wa uani.

"Mama Pendo. Kaa."

Miaka kumi na minne na hakuwahi kumwita. Alibaki ameshika mlango. Nyuma yake viatu vilivyokatwa visigino vilishuka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mila ile ina mwisho wake, ila mwisho uko mikononi mwa mzee peke yake. Akimpa mkwe kitu, mkono kwa mkono, wakatazamana, yamekwisha. Wengi hutoa kuku au mbuzi. Wengine hufariki hawajatoa, na si kwa roho mbaya. Wanaona haya, wanasema mwakani, na mwakani wanasema mwakani.

"Ningekuja na mbuzi," alisema Babu Pendo. "Lakini nimekuja kwa ajili ya macho, sikujua. Pokea karatasi hizi. Nimesahihisha kidogo kwa penseli. Ukiona nimekosea, futa."

Yunisi aligeuka. Alipiga goti, akapokea mswada wake mwenyewe kwa mikono miwili, halafu akapiga moyo konde na kuinua macho.

Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Masikio yalikuwa ya Hezron, yale yale. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kidoa cheusi chenye unywele mmoja mweupe, na kwenye kioo cha miwani mpya lebo ilikuwa bado imebandikwa, hakuna aliyemwambia aitoe. Na mzee alikuwa na hofu. Hilo ndilo lililomshangaza Yunisi kuliko yote. Miaka yote hiyo alidhani hofu ni yake peke yake.

"Ndio uso wenyewe," alisema mzee. "Uandike."

Alivuta kigoda, akaketi. Yunisi naye akaketi kwenye gunia la mkaa. Wakatazamana, wakakwepesha, wakatazamana tena.

"Mahindi," alisema mzee. "Panya hawajaingia?"

Yunisi aling'ata mdomo asicheke. "Hawajaingia, Baba."

"Mvua?"

"Ilinyesha vizuri, Baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akavua kofia. Akaitazama kwa ndani. Kicheko kilichokuwa kinamjia Yunisi kikaishia njiani, maana aliona kwamba mzee hakuwa anaonyesha tena jinsi ya kuandika.

"Siku ile tunamzika mama yenu," alisema, "ulikuwa unawachotea maji watu wa msibani. Ulizunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope, ili usipite mbele yangu. Ukaanguka na ndoo. Watu wote walikuwa upande wa mbele, niliyekuona ni mimi peke yangu. Ukataka kuinuka, ukashindwa. Na mimi nikageuza uso, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Miezi minane ulimwogesha mke wangu, Mama Pendo, ukaacha biashara yako huku ukaja kukaa milimani. Na mimi nikashindwa kukupa mkono uinuke. Huu mwaka wa tisa. Kila nikishika ndoo nakuona."

Yunisi alilia. Alilia bila kujifunika, hapo hapo mbele yake, na mzee hakugeuza uso.

"Goti liliniuma wiki mbili, Baba," alisema mwishowe.

"Najua. Nilikuwa nachungulia unachechemea."

Wote wawili wakaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka mwenye samaki upande wa pili wa ukuta akauliza kuna nini huko.

*

Ikabaki kazi. Waliifanya mezani sebuleni, mmoja huku, mwingine kule, Yunisi akiandika na kusoma kwa sauti, Babu Pendo akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa na penseli hewani. Mzee aligeuka kuwa mgumu kuliko Fides. Alitaka Mzee Osea aongezwe urefu, Yunisi akakataa. Alitaka kidoa cha usoni kiondolewe. Yunisi akasema hicho hakiondoki hata kwa sabuni. Walipofika kwenye shamba waligombana hasa.

"Nusu yake abaki nayo," alisema mzee. "Ni mzee, atakula wapi?"

"Hata robo hapati, Baba. Alimpokonya mjane."

"Basi miche mitano. Ya karibu na nyumba."

"Miche mitatu, na Marita ndiye anampa kwa hiari yake."

Mzee aliwaza. "Hiyo ni nzuri zaidi," alikiri, kwa uchungu kidogo.

Na ndoo je? Yunisi aliiandika. Haikuwa imepangwa, ilikuja yenyewe: Mzee Osea anamwambia Marita juu ya siku ile ya msiba, matope na kuanguka na uso uliogeuzwa. Babu Pendo alipoisikia ikisomwa alivua miwani, akaifuta kwa shati. Ilikuwa aya nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na Yunisi alilijua hilo kama unavyojua chumvi imetosha.

Sura ilikwenda Mbeya saa tisa na dakika ishirini. Kusubiri kukaanza. Babu Pendo aliuliza mara nne kama simu ina chaji.

Saa kumi kasoro kumi mlango wa mbele ukafunguliwa. Hezron alikuwa amewahi kutoka. Aliona mkewe na baba yake kwenye meza moja, kichwa kwa kichwa juu ya karatasi, akapigwa na butwaa. Akarudi nyuma hatua moja, akaangalia nje kama vile amekosea nyumba.

"Hezron," alisema baba yake bila kuinua kichwa, "ingia au toka. Unatuzibia mwanga."

Simu ikalia. Yunisi aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Dada Yunisi," alisema Fides, na pua yake ilikuwa imeziba. "Nimesomea hapa ofisini, nimejiaibisha mbele ya watu. Yale mahindi! Ile kofia! Huyo mzee sasa nikikutana naye barabarani namsalimia. Kitabu kimeingia kwenye orodha, nimekiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Yunisi alipiga kigelegele ambacho Kastamu yote lazima walikisikia. Hezron, aliyekuwa bado hajui hili wala lile, alimkumbatia mkewe, kisha baba yake, kisha mkewe tena. Mzee alipiga meza kwa kiganja na kusema, "Nilijua! Nilijua!" ingawa hakujua chochote.

"Sikilizeni kidogo," Fides alisema vigelegele vilipotulia. "Kuna jambo moja. Ile ndoo. Ni aya nzuri kuliko zote kitabuni, nakubali, na ndiyo maana inanisumbua. Msiba huo haumo popote. Marita hajaanguka mahali. Naiona kama imetoka kitabu kingine. Naomba niikate. Kama hutaki, nishawishi, nitakusikiliza."

Yunisi alifungua kinywa amshawishi. Maneno alikuwa nayo. Angeweza kupachika msiba kwenye sura ya nne, asubuhi moja tu ya kazi. Akamwangalia mzee.

"Anataka kukata nini?" aliuliza Babu Pendo, ambaye sauti ya simu ilimpita kidogo.

"Ndoo, Baba."

Mzee aliweka penseli chini. Alimtazama mkwe wake usoni, kwa raha zake, kama mtu mwenye haki hiyo.

"Akate," alisema. "Hiyo nilikuambia wewe."

Yunisi alimwambia Fides akate, akamshukuru, akazima simu, akaenda kuleta chai ya kunywa yeye na mumewe na baba mkwe wake pale mezani.